Sufuria ya Rubani

Kezia Khavere alikuwa na sufuria kumi na moja, na kumi kati ya hizo hazikuwahi kumnyima raha. Ya kumi na moja ndiyo iliyokuwa na maneno. Ilikuwa nyepesi lakini ngumu, chini imewekwa bati mara mbili, na kwa miaka yote haikupinda wala kutoboka. Watu wa ploti yake kule Umoja, Nairobi, waliiazima kwa harusi, kwa chama na kwa matanga, na kila aliyeirudisha alikuja na swali lile lile: Mama, hii uliinunua wapi? Kezia, ambaye kwa kawaida hakuwa mchoyo wa maneno, alijibu tu, "Ni ya baba," kisha akauliza habari za watoto.

Haikuwa ya baba. Ilikuwa ya mzungu mmoja rubani aliyekufa kabla Kezia hajazaliwa, na jinsi ilivyofika jikoni mwake ni habari ambayo afadhali niiseme sasa hivi, tusije tukafichana.

Mwaka wa 1942, wakati wa vita vikuu, ndege moja ya kivita ilianguka upande wa Njiru. Siku hizo hapakuwa na ghorofa wala maduka ya simiti huko. Palikuwa na nyasi, swala na machimbo ya mawe. Javan, babake Kezia, alikuwa kijana wa machimboni. Yeye na wenzake wanne walifika kabla ya askari. Rubani alikuwa ametupwa nje, amelala chali kwenye nyasi, ameshakata roho. Na wale vijana, badala ya kusimama, badala ya kuvua hata shati moja wamfunike, walimruka. Walimruka kama mtu anavyoruka gogo njiani, wakaenda kung'oa bati za ndege, kwa sababu bati ya aina ile wakati wa vita ilikuwa haipatikani kwa pesa wala kwa maombi. Javan alipata kipande cha kumtosha. Akakipeleka kwa fundi aliyeitwa Kweyu, pale Shauri Moyo, na Kweyu akamfulia sufuria.

Haya yote Javan aliyaficha mpaka mwaka wa 1988, alipokuwa amelala kitandani huko kwao Vihiga na kila mtu anajua haamki tena. Alimwita bintiye.

"Kezia, tulimruka," alisema. "Mtu kalala pale, sisi tunamruka. Hata pole hatukumwambia. Mrudishie bati yake." Akapumzika, kisha akaongeza, "Na usije ukamwachia mtoto. Kitu kilichochukuliwa kwa maiti bila ruhusa hakirithiwi."

Siku mbili baadaye akafariki.

Dawa ya deni ni kulipa, na methali hiyo Kezia aliijua vizuri. Lakini sufuria ilikuwa nzuri! Tusimhukumu upesi. Kila Januari alijiambia atakwenda Aprili, na Aprili mvua ikanyesha. Tena aliogopa. Alijua kwamba wakoloni walisimamisha jiwe la ukumbusho pale ndege ilipoangukia, na kichwani mwake rubani alikuwa mzee mnene wa Kizungu mwenye masharubu, anayemngoja kando ya jiwe hilo, mikono nyuma, kama wale mabosi wa reli aliowaona utotoni. Mara mbili alipita ng'ambo ya barabara, na mara zote mbili aligeuza uso kama mtu aliyeona mdai wake sokoni. Hivyo ndivyo miaka thelathini na saba ilivyokwisha.

Sasa ahirisho lilikuwa limefika mwisho. Jumamosi Kezia angerudi Vihiga moja kwa moja, kwenye nyumba ambayo wanawe walimjengea. Nyumba ya Umoja angemwachia mjukuu wake Jacklyne, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Msichana huyo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alifanya kazi ya kuwachapia watu hati zao katika kibanda karibu na korti za Makadara. Kezia alimwambia achague chochote anachotaka: kabati, redio, vitambaa vya makochi.

"Mimi nataka tu ile sufuria, Guku," alisema Jacklyne. Guku ni nyanya kwa Kimaragoli, na ndilo neno pekee la Kimaragoli ambalo Jacklyne alilitamka bila kukosea.

Kezia akaacha kufunga mizigo. Akaketi juu ya gunia la nguo na kumweleza yote, tangu machimbo mpaka kitanda cha Vihiga.

"Manze, Guku!" Jacklyne alishika kichwa. "Miaka yote nakula ugali kwa ndege ya vita na hujaniambia?"

"Ningekuambia ungekula?"

"Ningekula, si ilikuwa poa." Akaichukua sufuria na kuigeuzageuza mikononi. "Lakini pia, Guku, huyo jamaa alidedi kitambo. Ataipikia nini?"

"Si kazi yangu kujua atapika nini. Kazi yangu ni kurudisha. Nikikuachia hii, nimekuachia kosa la baba yangu, na mimi sikukulea nikuachie makosa."

Jacklyne alitaka kubisha, lakini aliona nyanya yake amekunja leso mkononi mpaka imekuwa kamba, akaiweka sufuria chini.

Alhamisi asubuhi wakaenda. Walitembea polepole, Kezia akipumzika kila penye kivuli, Jacklyne akibeba sufuria katika mfuko wa sokoni. Kezia alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Njia nzima aliuliza jambo moja tu: kama Kiswahili kinamfaa mzungu, au Jacklyne amtafsirie kwa Kiingereza.

"Nitakutafsiria," alisema Jacklyne, na safari hii hakucheka.

Jiwe lilikuwa kwenye kona, kati ya duka la vifaa vya ujenzi na ghorofa ya vyumba vya kupanga. Lilifika kifuani mwa mtu, limezungushiwa ua mfupi wa chuma, na chini palikuwa pamefagiliwa mpaka udongo ukaonyesha alama za ufagio. Kando yake mama mmoja alikuwa na kibanda cha mabati na majiko mawili, akiuza madondo, yaani maharagwe ya kuchemsha, na chapati. Mbele kidogo mzee mmoja fundi viatu alikuwa ameinamia raba iliyopasuka.

Kezia alisimama. Mama wa madondo akawaangalia, akauangalia mfuko, akafuta mikono kwa aproni.

"Karibuni. Mimi naitwa Nthoki. Na hiyo ni sufuria mmeleta?"

"Umejuaje?" Kezia aliuliza.

"Mama, yako itakuwa ya kumi na nne."

Akawavuta hadi nyuma ya kibanda na kufunua turubai. Sufuria kumi na tatu zilikuwa zimepangwa pale, kubwa na ndogo, pamoja na karai mbili na kikaango kimoja kisicho na mkono.

"Watu wanakuja hapa wamevaa vizuri, hivyo tu kama wewe," Nthoki alieleza. "Mmoja ameota ndoto, mwingine mtoto ni mgonjwa, mwingine pasta amemwambia arudishe. Wote baba zao waliuziwa na Kweyu wa Shauri Moyo. Huyo Kweyu alikuwa akikuuzia sufuria lazima akuambie ni ya ile ndege. Mpaka zile alitengeneza na mabati ya basi! Ukiweka hizi zote pamoja, hiyo ndege ilikuwa kubwa kuliko Umoja."

Fundi viatu akacheka bila kuinua kichwa. "Mwambie ukweli. Mwambie wewe unapikia madondo kwa ndege nne."

"Mzee Nabiswa, mimi sijaiba. Zililetwa. Zikae bure?"

Jacklyne alicheka mpaka akashika ua. "Guku, umesikia? Ilikuwa tu ni biashara! Basi twende nayo nyumbani."

Na Kezia naye, niseme kweli, alihisi mzigo umeshuka begani. Kwa muda wa kama pumzi tatu alikuwa mwanamke mwepesi kuliko wote katika mitaa yote ya Eastlands. Labda baba aliuziwa kama wengine. Labda homa ndiyo iliyosema pale kitandani. Angeweza kugeuka, akanunua chapati mbili, akarudi zake, na Jumamosi akapanda basi akiwa hana neno na mtu.

Lakini alimjua baba yake. Javan hakuwa mtu wa kuuziwa hadithi, na hakuwahi kulia kwa ajili ya kitu alichokinunua. Kezia akaitoa sufuria mfukoni, akaigeuza ubavu kwenye jua.

"Hebu angalia hapa," alimwambia Nthoki. "Na hizo zako ziko hivi?"

Chini kidogo ya ukingo, kutoka sikio moja mpaka la pili, palikuwa na mstari wa vitundu vidogo vilivyozibwa, vimepangana sawasawa. Fundi viatu akaacha raba yake, akaja, akapitisha kidole juu yavyo kimoja kimoja.

"Hizi ni ribiti," alisema Nabiswa. "Ndizo zinashika bati kwa bati. Nilifanya kazi karakana ya kanjo, ya baraza la jiji, miaka ishirini na sita. Hakuna fundi wa sufuria anaweza kupiga mistari kama hii, na hakuna basi lina ribiti za karibu hivi." Akaziinamia zile kumi na tatu, akazipapasa moja moja. Zote zilikuwa laini. "Mama, hii ndiyo yenyewe. Kweyu alianza na hii, halafu akapata maneno ya kuuzia zingine."

Hakuna aliyecheka tena. Kezia aliona aibu, aibu ya kweli, kana kwamba ni yeye aliyenyanyua mguu na kumruka mtu siku ile. Akaubeba mwili wake mpaka mbele ya jiwe. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Kezia kilikuwa cha kusomea bei.

"Nisomee," alisema.

Jacklyne akainama. "Anaitwa Alan Tresder. Rubani wa ndege za kivita. Ndege yake ilianguka hapa, mwezi wa nane, 1942." Akahesabu kwa midomo. "Guku, alizaliwa 1920. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mimi nimempita!"

"Soma tena."

"Ishirini na mbili. Halafu hapa chini imeandikwa, mtoto wa pekee wa mama yake."

Kezia akaketi juu ya ukingo wa saruji, gauni la kanisani na vumbi lake. Yule mzee mwenye masharubu aliyemwogopa miaka yote alikuwa hayupo, na hakuwahi kuwapo. Palikuwa na mtoto wa watu, wa umri wa hawa vijana wa pikipiki wanaopita hapo wakipiga honi. Na baba yake Javan? Msalaba wake kule Vihiga uliandikwa 1920 vilevile. Walikuwa rika moja. Yule aliyelala chali na yule aliyemruka walikuwa vijana wawili, mmoja ametoka mbali na kufa, mwingine ametoka mbali na hana sufuria. Kezia alilia. Alimlilia yule mama aliyekuwa na mtoto mmoja, na alimlilia pia baba yake, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa amemkasirikia kidogo bila kujua.

Jacklyne alikaa karibu naye, akamshika mkono. Alipoona machozi yamepungua, aliuliza kwa upole, "Sasa tuiweke tu hapo na zile zingine?"

Kezia aliangalia lile turubai. Kuitupa pale, chini ya ndege za uongo? Hapana. Akamgeukia Nabiswa.

"Jina lako ni la Bungoma. Huko kwenu mtu akishazikwa, mnakaa kikao cha kuuliza?"

"Tunakaa," alisema Nabiswa, na macho yake yakaonyesha kwamba ameshaelewa.

Kwa asiyejua: kwa Waluhya, wa Vihiga na wa Bungoma, siku chache baada ya mazishi, watu huketi pamoja nyumbani kwa marehemu. Mzee mmoja husimama akauliza mbele ya wote, nani anamdai huyu, na nani ana kitu chake? Mwenye neno hulisema siku hiyo. Watu wa marehemu ndio hujibu. Wakisema rudisha, unarudisha; wakisema kaa nacho, ni chako, na hakuna atakayekufuata. Alan Tresder hakuwahi kukaliwa kikao hicho. Askari walikuja jioni, wakachukua mwili wakauzika makaburini kwao, na baadaye wakaja na jiwe.

"Basi tumkalie," alisema Kezia. "Lakini watu hawakai kikao na njaa. Nthoki, una unga?"

Unga ulikuwapo. Kezia alifunga leso kiunoni juu ya gauni la kanisani, akaiweka sufuria jikoni, akachemsha maji. Akasonga ugali kwa mikono miwili huku sufuria imeshikiliwa na Jacklyne kwa matambara, na jasho likamtoka kama zamani. Nthoki akapakua madondo. Kijana wa duka la vifaa vya ujenzi aliuliza kuna nini. Nabiswa akamjibu, "Ni matanga," na kijana akavua kofia na kukaa bila kuuliza ni ya nani. Waendesha pikipiki wawili nao wakakaa. Watu wa Eastlands hawapiti matanga hivi hivi, hasa yenye chakula.

Walikula wote pamoja. Walipomaliza, Nabiswa alinawa, akasimama karibu na jiwe, akafunga vifungo vya koti lake.

"Tumekuja kwa ajili ya huyu kijana, Alan," alisema kwa sauti ya kawaida. "Amechelewa kukaliwa, lakini kawia ufike. Nauliza, kuna mtu anamdai?"

Hakuna aliyemdai.

"Kuna mtu ana kitu chake?"

Kezia akasimama.

"Mimi ninacho. Ni hii sufuria tuliyopikia ugali. Ni bati ya ndege yake. Baba yangu Javan aliichukua hapa hapa, na kabla ya kuichukua alimruka, yeye na wenzake. Hawakumfunika. Hawakumwambia pole. Baba alikufa na hilo rohoni. Mimi nikakaa nayo miaka thelathini na saba kwa sababu ilikuwa inanifaa, na kwa sababu nilikuwa mwoga. Leo nimeileta. Watu wake wanijibu."

Jacklyne alikuwa akitafsiri kwa Kiingereza, polepole, akiliangalia jiwe, na alipofika pale pa kumruka aliacha katikati, akaanza upya.

"Watu wa marehemu wajibu," alisema Nabiswa.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba marehemu hakuwa na watu. Mama yake wa mtoto mmoja alikuwa amekufa siku nyingi. Walitazamana. Kisha Nabiswa akamtazama Nthoki, na waendesha pikipiki wakamtazama Nthoki, mpaka mama wa madondo akaruka kama aliyemwagikiwa na maji moto.

"Mimi? Mimi ni Mkamba! Huyu tunahusiana wapi?"

"Nani anamfagilia?" aliuliza Kezia.

"Mimi, lakini nilianza juu ya takataka, si juu yake. Wateja walikuwa wanakataa kula karibu na uchafu."

"Miaka mingapi sasa?"

Nthoki alifikiri. "Kumi na tisa."

"Na kuna mwingine anayekuja?"

"Hakuna."

"Basi wewe ndiye wa kwao," alisema Kezia. "Nijibu, mwanangu. Nikisafiri bila jibu, sitarudi tena."

Nthoki aliangalia chini. Alikuwa mwanamke wa mdomo mwepesi, lakini alichukua muda mrefu kiasi kwamba mteja mmoja alikuja, akaona hali, akaondoka zake. Alifungua geti dogo la ua, akaenda akasimama upande wa ndani, karibu na jiwe, akiwakabili wote. Aliweka mkono juu yake kama mtu anavyoweka mkono begani kwa nduguye mbele ya wageni.

"Sufuria kaeni nayo," alisema. "Hakuna mahali ataipeleka. Hiyo ya bati imeisha." "Lakini nyinyi hamkukosea bati. Mlimruka. Mimi nimekaa na yeye hapa miaka kumi na tisa, na kila siku naona watu wanampita, hata jina hawasomi. Hiyo ndiyo nakataa. Sufuria ni yenu, lakini mkija upande huu, msimruke tena. Mumsalimie."

"Jumamosi naondoka," Kezia alisema taratibu. "Mimi siwezi kukuahidi."

"Hakukuuliza wewe, Guku," alisema Jacklyne. Akavuka geti, akasimama mbele ya Nthoki, mikono imeshikana kama mtoto anayetumwa. "Mimi ndiye ninabaki na sufuria. Mwezi wa nane nitakuja nayo, nipike hapa. Na nisipokuja, anti, unitafute Makadara, karibu na korti. Uulize Jacklyne wa kuchapa."

Kezia alifungua mdomo amkataze. Hilo ndilo alilokuwa ametembea asubuhi yote ili lisitokee, kwamba kitu kile kimfuate mtoto. Lakini alimwona mjukuu wake akipeana mkono na Nthoki kwa kukamata kiwiko, kwa adabu, na akaona kwamba msichana hakuachiwa kosa. Alikuwa amepewa mtu wa kumsalimia. Kezia akafunga mdomo.

Nabiswa alitangaza kikao kimekwisha, akarudi kwenye raba yake. Waendesha pikipiki walinawa na kuondoka, na mmoja wao, alipopita uani, alisoma jina polepole kwa sauti, akalikosea, akasema pole.

Kezia aligeuka kutazama upande wa magharibi, juu ya mapaa ya mabati na matangi ya maji, upande ambako Vihiga iko. Alizungumza kwa Kimaragoli, si kwa sauti kubwa, jinsi mtu anavyomwambia mgonjwa habari aliyokuwa akiingoja.

"Baba," alisema. "Wamekubali."